Komeo la Nje

Atieno,

Bado nimekasirika, kwa hivyo usitafute maneno matamu hapa mwanzoni. Wewe na mama yako mmetoka tangu asubuhi kuaga jamaa na kununua nyama ya kukuaga soko la Burma, na mimi nimebaki kibandani, nimekalia lile debe ninalolifanya kiti, naandika nyuma ya karatasi za vipimo vya madirisha ya watu. Mkono una grisi. Ukiona karatasi imechafuka, ni mimi.

Jana niling'oa komeo ulilokuwa umelitia kwenye mlango wa gari lenu nikalirusha juu ya paa la jirani. Nilifanya hivyo mbele ya Brayo, mnayemiliki gari pamoja, na wenzako wengine, na nikakuita mjinga. Ulinitazama, ukafuta mikono kwa kitambaa, ukasema, "Baba, si ni wewe ulinifundisha." Tangu hapo hujanisemesha. Kesho asubuhi lori linakuja kubeba gari, na wewe unapanda nalo kwenda Nakuru kukaa huko na kufanya kazi kwenye gereji ya watu, na Jumapili utaliingiza gari hilo uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo nina leo tu.

Sitakuandikia habari za chakula, wala kanisa, wala wanaume. Mama yako amekujaza hizo tangu wiki jana, na nilikuona ukiitikia huku macho yako kwenye simu. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilirusha lile komeo. Ukimaliza kusoma utanikasirikia zaidi, na utakuwa na haki.

Tuanze na gari lenyewe. Lilikuja kwenye makreti, vipande vipande, la mtu kujiundia: fremu, bodi ya faiba, na kitabu cha maelezo kilichokosa kurasa za katikati. Niliwapa kibanda changu miezi minne. Ile keji ya mabomba inayomlinda dereva gari likibingirika, mimi na wewe tuliichomelea pamoja, na nikajisifu kwa kila fundi aliyepita kwamba weldi ya binti yangu ni safi kuliko yangu. Nilisema ukweli. Lakini mabomba yanamzuia dereva asipondwe. Hayamtoi nje. Hilo nimelisema hapa kibandani mpaka nikaonekana mzee wa kelele.

Unakumbuka Jumamosi ile niliyokuambia uketi ndani, ufunge mishipi yote, uvae glavu na helmeti, halafu nikakufunga macho kwa leso ya mama yako? Nikasema, toka. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kidude cha kufungulia mishipi kilikuwa kimejificha chini ya kiuno ukakitafuta. Ukakipata, goti likagonga usukani, kwa sababu ule usukani unaong'oka ili dereva apate kupita mliununua lakini hamkuufunga, ati Brayo hapendi unavyocheza. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umefungwa nyuma ya kiti, mahali ambapo anayeketi hawezi kuufikia. Nilifika arubaini bado uko ndani, unacheka. Wenzako nao wanacheka. Brayo akasema, "Mzee, hii ni gari ya mbio, si nyumba inaungua." Na mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako.

Halafu mkaenda kulijaribu kwenye kile kiwanja mnachofanyia mazoezi, na mlango ukafunguka wenyewe kwenye kona. Hilo ni jambo la kutisha, silikatai. Dawa yake ni kutafuta loki nzuri. Lakini lori linakuja, mna haraka, na wewe ukafanya kile ambacho fundi yeyote wa huku kwetu angefanya. Uliondoa kishikio cha ndani kwa sababu kilikuwa kinanasa glavu yako, ukachomelea komeo kwa nje. Mtu anakufungia, anagonga paa mara mbili, unaondoka. Jana nilirudi kutoka kununua vyuma nikakuta uko ndani unafungwa hivyo. Nilimwona Brayo akisukuma komeo, kisha akagonga paa mara mbili.

Atieno, niliangusha vyuma nikakimbilia ule mlango. Wewe ulifikiri ni hasira. Hasira ilikuja baadaye.

Sasa nakueleza kuhusu babako mkubwa Ouma. Unajua mikono yake. Tangu ukiwa mdogo umeiona, ule wa kushoto usiokunjuka na ule wa kulia wenye vidole viwili tu vinavyofanya kazi. Ukiuliza, uliambiwa ni stovu ya mafuta ya taa ilimlipukia. Bibi yako aliambiwa hivyo mpaka akafa. Mama yako ameambiwa hivyo. Hakukuwa na stovu yoyote. Ni mimi.

Ouma alikuwa dereva, na alikuwa dereva kweli, si hawa wa kukanyaga mafuta na kupiga honi. Tulikuwa bado vijana, tunakaa Makongeni kwenye nyumba aliyopewa babu yako akifanya kazi reli. Ouma akapata gari la kujiundia kama hili lenu. Mzungu mmoja aliyekuwa anahama alimwachia, limefika nusu. Tulilimalizia pale nyuma ya nyumba, uwanjani, kila jioni akitoka kazini. Yeye injini, mimi vyuma. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile.

Shida ilikuwa wezi. Kila tulipoamka, kitu kilikuwa kimeenda. Vioo vya pembeni vikaenda. Betri ikaenda. Kabureta ikaenda, tukaikuta soko la Gikomba, tukainunua tena. Na unajua mwizi wa mtaa wetu alivyokuwa anafanya: anavunja kidirisha kidogo, anaingiza mkono, anafungua kwa kishikio cha ndani. Kwa hivyo mimi fundi mwerevu nikaondoa kishikio cha ndani. Mlango wa abiria nikauziba, nikachomelea wavu wa chuma kwenye madirisha yote mawili, halafu nikaweka komeo kwa nje, nene, la kutiwa kofuli. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliniambia gari hilo ni salama kuliko nyumba yake. Niliringa wiki nzima.

Unaona nilichofanya. Nilitengeneza gari jinsi tunavyotengeneza nyumba huku Eastlands. Sisi tunafunga, Atieno. Mlango wa mbao, halafu mlango wa chuma, halafu kofuli mbili. Dirisha tunachomelea grili, na mtungi wa gesi tunaufunga mnyororo. Mtu akijenga chumba, kabla ya kupaka rangi ananiita nipime madirisha. Umekula, umesoma, umevaa viatu kwa pesa ya watu wanaoogopa anayetoka nje kuja ndani. Na katika miaka yote hiyo ya kupima madirisha, ni mteja gani amewahi kuniuliza habari ya aliye ndani anayetaka kutoka? Hakuna.

Tulilipeleka kwenye kiwanja cha udongo wa murram nje ya mji, upande wa Athi, ambapo vijana walikuwa wanashindana Jumapili. Loki ya mlango ilikuwa imelegea, kwa hivyo komeo likawa ndilo linaloushika. Ouma akaingia. Nikasukuma komeo, nikagonga paa mara mbili. Sikutia kofuli, na kwa miaka mingi nilijitetea moyoni na hilo, kwamba angalau sikutia kofuli.

Mzunguko wa pili alikata kona, gurudumu likaingia shimoni, gari likabingirika mara moja likasimama tena kwa magurudumu yake. Kila mtu alishangilia kwa sababu lilisimama vizuri. Mimi mwenyewe nilishangilia. Halafu tukaona moshi, na bomba la mafuta lilikuwa limekatika likamwagia bomba la moshi. Hakukuwa na swichi ya kuzima umeme kwa nje. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, kwenye buti la gari la rafiki yetu, chini ya viazi.

Nilifika wa kwanza. Nilishika komeo nikavuta, halikusogea. Mlango ulikuwa umejipinda katika kule kubingirika, na komeo limekwama ndani ya kikombe chake. Ouma alikuwa mzima kabisa, hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa ananitazama kupitia wavu. Aliniambia, "Fungua." Hakupiga kelele. Aliniambia jinsi mtu anavyokuambia umfungulie mlango wa nyumba akiwa amebeba maji. Nikasema subiri. Nilimwambia ndugu yangu asubiri.

Akaanza kupapasa mahali kishikio kilipokuwa. Nilimwona akipapasa. Kulikuwa na bamba tupu tu pale, nililokuwa nimelipiga msasa vizuri likawa laini. Moto ukaingia kwa miguuni. Akashika wavu kwa mikono miwili akasukuma, na wavu ulikuwa umeanza kuwaka joto, na hakuuachilia. Mimi niko nje na wilispana, napiga weldi yangu mwenyewe. Napiga, napiga. Ilikuwa weldi nzuri. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu kama siku ile. Angekuwa ameichomelea fundi mvivu, ingeachia kwa pigo la kwanza.

Mtu mmoja alikuja na mtaimbo wa lori akaung'oa mlango mzima. Hata jina lake sikuuliza. Ouma alitoka kwa miguu yake mwenyewe, mikono ameinyoosha mbele, akatembea hatua chache akakaa chini.

Ile habari ya stovu aliitunga yeye. Bibi yako alipofika hospitali, kabla sijafungua mdomo, Ouma akasema, "Stovu imenilipukia, Mama." Baadaye akaniambia kwamba nimepata kazi ya madirisha ya ploti nzima ya nyumba za kupanga kule Umoja, kazi ya kwanza kubwa maishani mwangu, na nani atampa fundi kazi akisikia alimfungia ndugu yake kwenye moto. Akaniambia ninyamaze. Nami nikanyamaza. Ouma hakuendesha gari tena. Alihamia soko la Kariokor kuuza akala, viatu vya tairi vilivyoshonwa na watu wengine, kwa sababu yeye hawezi kushika sindano. Mimi nikawa fundi anayejulikana. Kwa miaka mingi nimemkasirikia kwa kunisamehe haraka namna ile, kabla hata sijaomba. Huo ndio moyo wangu, sasa umeujua.

Tangu hapo kila nyumba ninayofanyia kazi nasema dirisha moja lifunguke, liwe na loki kwa ndani na ufunguo uning'inie kwenye msumari karibu yake. Umenisikia nikigombana na wateja, ukafikiri ninatafuta pesa ya ziada. Wananiambia, fundi, wewe unataka kuwasaidia wezi. Wengi nimewashinda, wengine wamenishinda. Kuna nyumba mtaa wa Majengo nilifunga madirisha yote manne kwa sababu mwenyewe alisema atatafuta fundi mwingine, na wewe ulikuwa unaingia kidato cha kwanza. Watoto wanalala mle. Nimerudi mara mbili nikajitolea kukata moja bure, na mara zote mbili nikafukuzwa mlangoni. Bado nitarudi.

Kwa hivyo uliposema ni mimi niliyekufundisha, ulisema kweli, na ndiyo maana nilichemka. Ulikulia kwenye kibanda hiki ukinitazama nikifunga. Nilikufundisha kupima, kukata, kuchomelea, kupiga msasa. Ile moja niliyopaswa kukufundisha kabla ya zote niliificha chini ya stovu ya uongo, ili uendelee kuniona fundi. Jana niliona mikono yangu kwenye ule mlango wako. Hata lile bamba ulikuwa umelipiga msasa likawa laini.

Leo asubuhi mlipotoka nilimpigia Ouma simu. Nikamwambia nataka kukuambia ukweli. Akasema, "Umechelewa." Nikafikiri amekata. Akaendelea, "Ngoja nije."

Alikuja kwa miguu kutoka Kariokor, ameshika ukanda wa ngozi nyekundu mnene ambao mshonaji wa pale alimshonea akisubiri. Mimi nilikuwa nimeshalikata gari lenu. Ndiyo, nimelikata, na Brayo akitaka kesi anajua ninapopatikana. Nimetoa loki ile ya kitoto nikatia ya gari la kawaida, ile inayoshika mara mbili, kwa hivyo mlango hautafunguka kwenye kona. Kwa nje nimetia kishikio kikubwa, cha kuvutwa. Ouma akakijaribu. Kidole kikateleza. Nikakikata nikatengeneza kingine, kipana zaidi. Akajaribu tena, akafungua, lakini kwa shida. Nikatengeneza cha tatu. Cha tatu akakifungua kwa vile vidole viwili, kama mchezo. Akasema, "Sasa ingia."

Nikamwambia sijafunga kishikio cha ndani bado. Akasema anajua. "Ingia."

Nikaingia. Akafunga mlango. Nilifikiri atafungua mara moja tujue kama loki inafanya kazi, lakini aliuegemea mlango kwa mgongo, akatazama barabarani kana kwamba anangoja mtu. Nikasema, "Ouma." Hakugeuka. Mle ndani kuna joto, Atieno, hata bila moto. Nilianza kupapasa pale mlangoni, na mikono yangu ikakuta lile bamba lako laini. Nilijua hakuna kitu pale na bado nilipapasa. Sijui alikaa muda gani. Nililia, nikalia kwa sauti, mzee mzima ndani ya gari la watoto. Halafu akageuka akafungua. Hakuniambia pole. Alinipa ule ukanda akasema, "Haya, funga hiki."

Nimeufunga kwenye loki, ukiuvuta mlango unafunguka. Ni mwekundu, ni mrefu, na mkono wowote unaufikia, wa kulia au wa kushoto, hata ukiwa umelala ubavu. Hautanasa glavu. Mtungi uko mbele ya kiti, karibu na goti. Swichi ya kukata umeme nimetia mbili, moja yako na moja ya watu wa nje, na nimeipaka rangi ili hata mtu asiyejua magari aione. Ule wavu wa chuma mliotia dirishani nimeutupa, nimetia neti inayoachia ukivuta pini. Usukani unaong'oka nimeufunga, na unacheza kidogo sana, mwambie Brayo azoee. Gari limeongezeka uzito. Mtashindwa kwa uzito huo mara moja au mbili, na sijali hata kidogo.

Ouma bado yuko hapa. Amekaa mlangoni anangoja nyama. Kama una swali muulize yeye, si mimi, na usimtazame mikono kwa huruma kwa sababu hapendi.

Sikuombi msamaha wa jana. Kukuita mjinga mbele ya watu, hilo ndilo kosa langu, na nitakuomba msamaha mbele ya hao hao. Kulirusha komeo silijutii.

Kesho kabla lori halijafika, utavaa glavu na helmeti, uketi, ufunge mishipi yote. Mama yako atakufunga macho kwa leso yake. Mimi nitafunga mlango, lakini sitagonga paa. Nitarudi nyuma mpaka kwenye ukuta, nisimame na mikono mgongoni, Ouma kando yangu, na hata ukikwama, hata ukiniita baba, sitakuja.

Utatoka mwenyewe.

Baba yako